Kuosha Paneli za Sola kwa Brashi ya Mpini Mrefu: Dhibiti Maji, Usimalize Tangi

 

Leo naweka mbegu na mbolea pembeni kidogo. Nataka tuongelee vumbi, maji na pampu ndogo ya betri. Vijana wengi hapa Karatu mmeshaachana na jenereta, mnavuta maji kwa pampu ya sola. Ni hatua nzuri sana. Lakini paneli inahitaji kuoshwa, na kuosha kunakula maji. Usipojua kuyadhibiti hayo maji, utaosha paneli na kuua miche. Nasema hivyo kwa sababu niliwahi kusababisha jambo hilo mimi mwenyewe.

Kosa langu

Ilikuwa mwezi wa Agosti. Kikundi cha vijana upande wa Rhotia kilinipigia simu: "Bwana shamba, pampu imechoka. Tangi halijai tena." Fundi mmoja alishawaambia wanunue pampu mpya. Nilipofika nikapitisha kidole juu ya paneli, kikatoka chekundu. Mnalijua vumbi letu la kiangazi. Walikuwa na paneli 24, zote zimevaa koti la udongo, na zile za karibu na miti zina kinyesi cha ndege kilichokauka.

Nikawaambia, "Pampu ni nzima. Osheni paneli." Nikawasha pikipiki nikaondoka. Sikuwaambia waoshe kwa maji kiasi gani wala kwa kifaa gani.

Kesho yake saa 3 asubuhi simu ikaita. "Bwana shamba, maji yameisha." Walikuwa wamefunga mpira wa inchi moja kwenye pampu ndogo ya petroli, wakavuta kutoka kwenye simtanki la lita 1,000. Mmoja anamwaga, mwingine anasugua kwa fagio la ufito akiwa juu ya ngazi. Ngazi ikihamishwa, maji yanaendelea kumwagika. Kwa dakika 40 tangi likawa tupu, na paneli zilizooshwa zilikuwa 15 tu. Pampu ya namna ile inatoa lita 25 kwa dakika bila shida, na 25 mara 40 ni 1,000.

Maji yale yalikuwa ya kitalu. Walikuwa na trei 60 za miche ya nyanya, imebakiza wiki moja kwenda shambani. Siku mbili zilizofuata ukungu ulikaa hadi mchana, sola ikavuta maji kidogo sana. Waliokoa miche mingi kwa madumu ya kubeba kichwani, lakini trei 11 zilikauka. Hakuna aliyenilaumu usoni. Ila mimi najua nilitoa ushauri nusu.

Tangu siku hiyo sitoi ushauri wa kuosha paneli bila kutoa na kipimo cha maji. Twende kazi.

Kifaa chenyewe

Wasafisha madirisha wa Ulaya wana kifaa kizuri sana: mpini mrefu wenye brashi juu, na mpira mwembamba unaopandisha maji hadi kwenye nywele za brashi. Mtu anasimama chini, hapandi ngazi. Uingereza kifaa hiki kilishika kasi hasa baada ya kanuni za kazi za juu za mwaka 2005, zilizotaka watu waepuke kupanda pale kazi inapoweza kufanyika kutoka chini. Maji yanasukumwa na pampu ndogo ya volti 12, na mwendo wake unaongozwa na kidhibiti kidogo cha elektroniki.

Sasa sikia. Pampu ya jamii hiyo hiyo unaiona kila siku. Imo ndani ya bomba la kupulizia dawa la betri, lile la mgongoni la lita 16. Mengi ya mabomba hayo yana swichi ya kuzungusha ya kupunguza na kuongeza mwendo wa pampu. Kwa hiyo kifaa cha kuoshea unaweza kukiunda mwenyewe:

- Bomba jipya la betri la lita 16, lenye swichi ya kuzungusha.
- Mwanzi mkavu au mpini wa mbao wa mita 3.
- Brashi laini ya kuoshea magari. Ya chuma hapana, fagio la ufito hapana.
- Mpira wa mita 5 na klipu za kukazia.
- Kipande cha bomba la plastiki la kulaza mgongoni mwa brashi, kimezibwa mwisho, chenye matundu mawili ya milimita 2 yanayotazama kioo.

Nimesema bomba jipya, na nina sababu. Bomba lililowahi kubeba kiuagugu au kiuatilifu lisitumike. Maji ya kuoshea yanadondoka chini, na chini ya paneli wengine mmepanda mboga, wengine mmeweka tangi la maji ya kunywa. Nunua jipya, andika kwa rangi MAJI TU, na lisiingie stoo ya dawa.

Presha na mtiririko ni vitu viwili

Hapa ndipo wengi wanapokosea, hata mafundi.

Mtiririko ni kiasi cha maji kinachotoka kwa dakika. Presha ni nguvu inayoyasukuma. Kazi ya kuosha kioo inahitaji mtiririko mdogo usiokatika. Uchafu unatolewa na brashi, maji yanalainisha na kubeba. Presha unayohitaji ni ya kupandisha maji hadi juu na kuyapitisha kwenye matundu, basi. Kila mita 10 za kimo zinadai presha ya baa 1, kwa hiyo mpini wa mita 3 unadai sehemu ndogo tu ya baa. Msuguano ndani ya mpira nao unadai chake. Ukitumia mpira wenye kipenyo nusu ya ule wa kwanza, msuguano unapanda zaidi ya mara kumi. Ndiyo maana mpira mwembamba mno na mrefu mno unaichosha pampu.

Mtu akiona maji ni mengi, mkono wake unakwenda wapi? Kwenye koki. Anaibana nusu. Au anakunja mpira. Maji yanapungua kweli, naye anadhani amefanya la maana.

Angalia kinachotokea ndani. Pampu bado inasukuma kwa mwendo ule ule. Maji hayana pa kupita, presha inapanda. Pampu nyingi za namna hii zina swichi ya presha: ikifika kiwango chake, inakata umeme. Maji kidogo yanatoka, presha inashuka, swichi inarudisha umeme. Presha inapanda tena, inakata tena. Unasikia tik-tik-tik-tik. Kila tik ni cheche ndogo kwenye swichi na mshtuko kwenye mota. Fanya hivyo asubuhi nzima, wiki baada ya wiki, na utanunua pampu nyingine. Maji nayo yanatoka kwa kurukaruka.

Dawa yake ni kupunguza mwendo wa pampu kwa swichi ya kuzungusha, na kuiacha njia ya maji wazi. Pampu ikizunguka polepole inatoa maji machache, presha inabaki chini, betri inadumu. Vidhibiti vya wenzetu vinafanya hivyo hivyo: vinawasha na kuzima umeme wa mota kwa kasi kubwa sana, hata mota inauona kama umeme uliopungua. Vingine vinatambua njia ikizibwa kwa sababu mota inaanza kula umeme mwingi, vikaizima. Letu halina akili hiyo. Akili ni wewe.

Je, koki haina kazi kabisa? Inayo. Kuifunga kabisa kwa sekunde chache unapohamia paneli nyingine ni sawa, swichi ya presha imewekwa kwa ajili hiyo. Pampu itanyamaza, ukifungua inaamka. Kibaya ni kuifunga nusu na kuendelea na kazi. Na kama umeifunga kabisa lakini pampu bado inaunguruma, basi ama ina njia ya kurudisha maji ndani ya tangi, ama swichi ya presha imekufa. Zima kwanza, uliza baadaye.

Kumbuka hivi: koki ni ya kuwasha na kuzima, swichi ya kuzungusha ni ya kupunguza na kuongeza.

Pima, usikisie

Chukua jagi la kupimia la lita moja na simu yenye saa. Fanya hivi:

1. Jaza bomba, washa, acha hewa itoke yote kwenye mpira. Maji yakitoka bila kukohoa, uko tayari.
2. Inua brashi hadi kimo utakachofanyia kazi, msaidizi akinge kwa beseni. Ukipimia chini utapata jibu la uongo, kwa sababu kimo kinapunguza maji.
3. Kinga kwa sekunde 20 kamili. Mimina kwenye jagi, usome.
4. Zidisha mara 3. Hayo ndiyo maji yako kwa dakika.

Lengo la kuanzia ni nusu lita kwa sekunde 20, yaani lita 1.5 kwa dakika. Ukipata zaidi, rudisha swichi nyuma kidogo, pima tena. Ukipata lengo, weka alama kwa wino kwenye swichi. Alama hiyo ni yako, ya mpira wako na mpini wako. Usimwazime jirani ukadhani itamfaa.

Sasa hesabu. Paneli moja ya kawaida, yenye ukubwa wa mita mbili za mraba hivi, inachukua dakika 1 kusugua na sekunde 20 kusuuza. Sekunde 80 kwa lita 1.5 kwa dakika ni lita 2. Paneli 24 ni lita 48. Hayo ni mabomba matatu ya lita 16.

Lita 48. Vijana wangu walimwaga 1,000 na hawakumaliza. Kila nikiiandika hesabu hii naziona zile trei.

Kinyesi cha ndege kinadai zaidi kidogo. Kilowanishe kwanza, endelea na paneli nyingine, kisha ukirudie. Usikikwangue kwa kisu.

Kipimo cha mwisho ni macho yako. Ukisugua na tope linabaki nyuma ya brashi, maji ni machache, ongeza kidogo. Ukiona maji meupe yanakimbilia ukingo wa chini kabla hujasugua, ni mengi, punguza. Yanayotakiwa ni utando mwembamba unaotembea pamoja na brashi.

Saa ya kuosha

Anza saa 12:30 asubuhi, maliza kabla ya saa 2:30. Kwanza, kioo bado ni baridi. Maji baridi juu ya kioo kilichopigwa na jua la saa 6 yanaweza kukipasua. Pili, maji hayakauki kabla hujasuuza. Tatu, umande wetu wa huku juu unakuwa umeshaloanisha vumbi bure. Ukiwahi umande, swichi yako unaweza kuirudisha nyuma zaidi.

Sugua kuanzia juu kushuka chini, na malizia kwa kusuuza ukingo wa chini. Tope hupenda kujikusanya pale kwenye fremu. Seli chache zikifunikwa zinaweza kushusha umeme wa paneli kuliko ukubwa wa doa lenyewe. Sabuni usiweke. Inaacha utando unaokamata vumbi jipya, na bila sabuni maji yanayodondoka yanaweza kunywesha mboga zako.

Maji gani?

Wasafisha madirisha niliowataja wanachuja maji hadi yasibaki na madini, ndiyo maana hawahitaji kufuta kioo. Sisi hatuna mitambo hiyo, ila tuna mvua. Maji ya mvua ya masika uliyovuna kwenye tangi ndiyo bora kwa kazi hii, na lita 48 hazikumalizii akiba.

Maji ya kisima mengine yana madini mengi. Jaribu hivi: dondoshea matone matatu kwenye kioo cheusi, au kioo cha simu iliyozimwa, acha yakauke. Yakiacha duara jeupe, yataacha hilo hilo kwenye paneli, na ukirudia mara nyingi utando unakuwa mgumu kutoka. Kama hayo ndiyo maji uliyonayo, usuuze haraka kisha vuta maji yote kwa mpira wa kufutia vioo. Ndugu zangu wa Mang'ola, maji ya Ziwa Eyasi yana magadi na chumvi, msiyaguse kwa kazi hii. Tumieni ya chemchemi baada ya kuyapima kwa matone.

Kikigoma, angalia hapa

- *Tik-tik-tik:* koki iko nusu, mpira umekunjwa, tundu limeziba, au mwendo ni mkubwa kuliko matundu yanavyoweza kupitisha.
- *Inaunguruma, maji hakuna:* hewa imeingia, tangi tupu, au chujio limeziba. Zima. Pampu isizunguke kavu muda mrefu.
- *Maji yanapungua kadiri kazi inavyoendelea:* betri inaisha au chujio linajaa. Usikimbilie kuongeza swichi, safisha chujio kwanza, halafu pima upya.
- *Yanavuja kwenye mpini, juu hayafiki:* kaza klipu kabla ya kulaumu pampu.
- *Upande mmoja wa brashi mkavu:* tundu moja limeziba. Lizibue kwa waya mwembamba, usilipanue.

Umeme haupumziki

Paneli ikiona mwanga inatoa umeme, hata kama pampu imezimwa. Zima kikata umeme cha mfumo, kisha kagua kwa macho: kioo kilichopasuka au waya uliochunika, usimwagie maji paneli hiyo, mwite fundi. Usichomoe viunganishi vya waya jua likiwaka. Usikanyage paneli. Na kama juu ya paneli zako pinapita nyaya za umeme wa gridi, mpini mrefu usiinuliwe hapo, hata wa mwanzi. Mwanzi uliolowa unapitisha umeme.

Utajuaje kama imesaidia?

Siku yenye jua, saa 6 mchana, kinga maji ya pampu yako ya sola kwenye ndoo ya lita 20, hesabu sekunde. Osha kesho yake asubuhi. Saa 6 mchana, jua likiwa vile vile, pima tena. Wale vijana, tulipoosha kwa njia hii, walitoka sekunde 38 hadi 31. Pampu ile ile iliyosemekana imechoka.

Ndoo hiyo ndiyo ikuambie lini uoshe. Ratiba ya kila wiki inapoteza maji. Masika mvua inakuoshea. Kuanzia Juni hadi Oktoba, pima kila baada ya wiki mbili, na usikose kupima kabla nyanya haijaanza kutoa maua, maana hapo ukikosa maji siku mbili unayaona sokoni. Kifaa hicho hicho kinaosha paa la nailoni la kitalu nyumba, ila brashi iwe laini zaidi na mkono mwepesi.

Wawili kati ya wale vijana sasa wanaitwa kuosha paneli na madirisha ya lodji za barabara ya kwenda geti la Lodoare. Wanakwenda na bomba la MAJI TU na jagi lao la lita moja. Mwenye lodji anayenunua maji kwa boza anapenda sana kuona jagi likitangulia.

Kitalu chao nacho kimehamia kwenye tangi lake peke yake, dogo, lenye kufuli. Ufunguo anao mtunza miche. Walipoamua hivyo sikuwa na la kuongeza.

Kabla hujawasha kesho asubuhi, pima. Tukutane shambani.